Fardau na Yai la Kwanza la Aldwier

Ndege alitua mahali pamoja mara mbili, na mara zote mbili hakula.

Hilo ndilo lililoonwa kwanza, enyi wasikilizaji, kabla ya maji kuvukwa, kabla ya mabata kutangaza vita, kabla ya brashi kuchovywa katika rangi ya dhahabu. Basi sogezeni viti. Funikeni sufuria, mwenye kukohoa akohoe amalize, na aliyeacha miwani chumbani akaifuate sasa hivi, kwa maana habari hii ni nzito na haitarudiwa kwa ajili ya mtu mmoja. Yanasimuliwa hapa makuu ya Fardau mjukuu wa Aukje, msichana asemaye kidogo kuliko samaki na aonaye zaidi kuliko kunguru, ambaye katika asubuhi moja ya Machi, kwa mti wa kuanikia nguo na simu yenye kioo kilichopasuka, alipiga picha ya yai.

Alikuwa amesimama jikoni kwa bibi yake, mikono ndani ya povu la sahani. Mbele ya dirisha palikuwa na barabara, na ng'ambo ya barabara mfereji, na ng'ambo ya mfereji mashamba mawili ya majani yaliyolala sawasawa kama meza iliyofutwa. La kulia lilikuwa la mama Hiltje, mwenye ng'ombe tisini. La kushoto liliitwa Shamba la Kanisa, na nyuma yake mnara wa Aldwier ulisimama na saa yake kubwa, ukitazama watu wanavyochelewa.

Ndege mwenyewe alikuwa ljip, ndege wa mashamba ya huko, mgongo wake mweusi wenye kung'aa kijani, tumbo jeupe, na kishungi kirefu kichwani kama unyoya kwenye kofia ya jemadari. Wenzake walikimbia hatua tatu, wakasimama, wakadonoa, wakakimbia tena. Huyu jike alitua katika shamba la Hiltje, akainamisha kichwa, akatembea kimya kama mtu anayepita mbele ya wenye deni lake, akatoweka kwenye majani. Akaruka. Akarudi palepale. Hakudonoa hata mdudu mmoja.

Sahani ikamponyoka Fardau ikazama kwenye povu.

"Limetagwa," alisema moyoni. Na moyoni, ieleweke, Fardau hakuwahi kukosa maneno. Humo ndani alikuwa mhutubu wa kuogopwa. Ni mlangoni, penye meno, ndipo msafara wote ulipokwama.

Sasa, kwa watu wa Aldwier, baridi haiishi kwa kalenda, wala kwa barafu kuyeyuka. Inaisha siku yai la kwanza la ljip linapoonekana. Zamani walilichukua na kulipeleka kwa wakubwa, wakapewa mkono na sherehe. Siku hizi haliguswi, linapigwa picha tu, na aliyelipata anaandikwa kwenye ubao mweusi ulio juu ya kaunta ya mkahawa wa Meindert, chini ya majina ya mababu ambao hakuna anayekumbuka jambo lao jingine lolote.

Na sheria ni tatu. Kwanza, yai na mnara wa kanisa vionekane katika picha moja. Sheria hiyo iliwekwa baada ya mtu fulani, ambaye ukoo wake bado hupita njia ya nyuma, kulipaka rangi yai la kuku na kulipiga picha juu ya zulia la kijani. Pili, mtu asikae penye kiota zaidi ya dakika tano, yai lisipoe na kunguru wasije wakaelewa. Tatu, aliyeliona aende mwenyewe kwa mwenye shamba, aseme kwa kinywa chake, ili mashine zipite kando. Picha bila kinywa si kitu.

Na hapo kwenye sheria ya tatu ndipo palipokuwa na mlima wa Fardau.

Kwa maana mwaka uliopita pia alikuwa ameliona yeye. Alilala kifudifudi kwenye tope, akapiga picha, akafika mpaka mlangoni kwa mwenye shamba, na pale mlangoni ulimi wake ukageuka kuwa kipande cha ubao. Mjomba wake Wobbe alikuwa akipita. Fardau akamkabidhi simu ili amsemee. Mjomba akasema, akasema vizuri, akasema kwa muda mrefu, na alipofika mwisho wa kusema yai lilikuwa limeshakuwa lake. Ubao uliandikwa WOBBE kwa mara ya nane. Fardau akapiga makofi pamoja na wengine. Wapo waliojiuliza kidogo, kwa sababu picha ile ilipigwa na mtu aliyelala kabisa chini, na tumbo la Wobbe halijamruhusu kufunga kamba za viatu vyake kwa miaka sita. Lakini hakuna aliyeuliza, na Fardau hakusema.

Basi alipotazama tena dirishani aliona jambo la pili, na moyo wake ukashuka hadi kwenye soksi. Kwenye uwanja wa mama Hiltje trekta lilikuwa limeshafungwa tangi jekundu la samadi ya maji, kubwa kama nyumba ya wageni, na injini ilikuwa ikinguruma ili ipate joto.

"Hiltje anamwaga leo," alisema Bibi Aukje kutoka mezani, bila kuinua macho kwenye fumbo la gazeti. "Akishakunywa kahawa tu, anaingia."

Saa ya mnara ilionyesha saa nne kasoro dakika tatu. Saa nne ni kahawa. Katika Aldwier vita vingesimama saa nne, na maiti angengoja. Hakuna trekta litembealo mpaka kikombe cha pili kimekwisha, yaani saa nne na nusu. Nusu saa, basi: hiyo ndiyo iliyosimama kati ya yai moja na lita elfu kumi za mavi ya ng'ombe.

"Bibi," alisema Fardau, "nachukua upondo wa kurukia mfereji."

"Upondo gani? Wa babu yako ulivunjika mwaka ule alipovunjika na yeye."

Fardau akanyoosha kidole uani, ambako mti mrefu, mnyoofu, wenye panda mwishoni, ulikuwa umeinua kamba ya nguo na mashuka manne meupe.

"Huo? Huo umeshikilia mashuka yangu!"

Bibi Aukje akavua miwani. Akamtazama mjukuu, akatazama shamba, akatazama saa. Masikio ya Fardau yalikuwa mekundu kama jogoo, na katika ukoo ule masikio ndiyo yasemayo.

"Umeliona," alisema Bibi.

Masikio yakazidi.

"Chukua! Unangoja nini, barua?"

"Na mashuka?"

"Mashuka yameshafuliwa mara elfu. Hayatakufa kwa mara moja zaidi. Toka!"

Ndivyo silaha ilivyotwaliwa. Mashuka manne yakainama taratibu mpaka kwenye tope, kama wazee wa mji wakimpa heshima shujaa aendaye mpakani, na shujaa akavaa gambuti, akaweka mti begani, akashika njia, yaani akavuka ua.

Lakini tazameni barabarani! Ni nani huyo ajaye kwa baiskeli, upondo wa mita nne na nusu ukiwa begani mwake, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, ambaye sauti yake hufika dakika mbili kabla ya magurudumu? Ndiye Wobbe, Bwana wa Mifereji, Mshindi wa Mara Nane, mwenye kujua kila kiota na kila mtu aliyekidhania chake.

"Aaa! Mpwa wangu!" alipaza sauti, akashusha mguu mmoja. "Mti wa nguo begani, gambuti miguuni, masikio yanawaka. Usiniambie unaenda kuanika."

Fardau akatazama chini.

"Umeliona?"

Kichwa cha Fardau kikaitikia kabla hajakiuliza.

"Wapi?"

Hapa inabidi jambo moja lielezwe. Watafutaji wa mayai wa nchi ile hawasemi kweli kati ya Februari na Aprili. Si dhambi, ni ufundi. Aliyeona yai kulia hutazama kushoto. Aliyeliona mbele hugeuka akajifanya anafunga kiatu. Watu waaminifu kabisa, ambao wangekurudishia pochi iliyoanguka pamoja na senti zake, watakuapia mbele ya mchungaji kwamba shamba lile halina hata unyoya. Na Wobbe alikuwa amesomea elimu hiyo miaka arobaini.

Fardau hakuwa amesomea. Alishikwa na hofu, akanyoosha kidole, akakielekeza sawasawa mahali yai lilipokuwa.

Wobbe akafuata kidole kwa macho. Akamtazama Fardau. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kengele ya baiskeli ikalia yenyewe.

"Binti! Mimi nimeanza kudanganya watu kwenye barabara hii kabla mama yako hajaota meno! Baba yangu akiona yai kusini alikuwa anapiga chafya kuelekea kaskazini. Na wewe unanionyesha kwa kidole? Kidole kizima?"

"Ni pale, Mjomba," alisema Fardau kwa sauti ndogo.

"Na anarudia!" Wobbe akajifuta machozi. "Basi kama si kulia ni kushoto. Shamba la Kanisa. Asante sana, mwanangu, umeniokolea asubuhi nzima. Nitakununulia mkate wa sukari."

Tangu mifereji ya Aldwier ichimbwe, hakuna mtafutaji aliyewahi kutumia silaha ya ukweli, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kujifunza namna ya kujikinga nayo. Bwana wa Mifereji akarudi nyuma hatua kumi, akakimbia, akachoma upondo katikati ya maji, akapaa. Haisemwi uongo hapa: alipaa vizuri. Kwa tumbo lile, vizuri sana. Akatua ng'ambo, katika Shamba la Kanisa, akainua mkono kwa hadhira isiyokuwepo.

Ikabaki zamu ya Fardau.

Mfereji ulikuwa na upana wa mita tatu, na maji yake yalikuwa meusi kama kahawa ya juzi. Fardau akasimama ukingoni akauhutubia mti wake kwa hotuba ndefu ya kimyakimya. "Ewe mti," alisema moyoni, "uliyebeba chupi za babu na vitambaa vya meza vya Krismasi, usiyewahi kuinama kwa upepo wa bahari, leo nibebe mimi. Sizidi uzito wa mashuka manne yaliyolowa. Au nazidi kidogo." Kisha akakimbia.

Mti ukasimama wima. Kwa kitambo kirefu, ambacho Bibi Aukje dirishani baadaye alikadiria kuwa saa nzima, ukaendelea kusimama wima, na Fardau akiwa juu yake, wala huku wala huko, kama jogoo wa chuma juu ya paa asiyejua upepo unatoka wapi. Ndipo ukaamua. Akaanguka ng'ambo kwa kifua, mguu wa kushoto ukiwa bado majini, na alipouvuta mguu ulikuja, lakini gambuti halikuja. Mfereji ukachukua ushuru wake, ukatoa mapovu mawili, ukanyamaza.

Na hapo, pua yake ikiwa kwenye nyasi za ukingo, Fardau akakutana uso kwa uso na ua. Ua dogo la njano, petali zake zinang'aa kama zimepakwa siagi, la kwanza la mwaka, lililofunguka asubuhi ileile kwa sababu ya jua kidogo lililopita. Muda ulikuwa unakimbia. Chaji ya simu ilikuwa asilimia sita. Jemadari yeyote mwenye akili angelipita. Fardau akalipiga picha. Akalipiga na ya pili, kwa upande, kwa sababu ya kivuli chake. Mashujaa wakubwa wote wana udhaifu mmoja, na simu yake ilikuwa na picha mia nne za maua kama hilo, na moja ya makalio ya sungura.

Asilimia nne.

Akainuka, guu moja lina buti, moja lina soksi, akaingia shambani. Hakwenda moja kwa moja, kwa maana juu ya nguzo ya lango alikaa kunguru, na kunguru anamjua mtu aendaye mahali. Fardau akazunguka, akainama, akapekua nyasi, akarudi nyuma, akafanya kama mtu aliyepoteza kitu. Haikuwa shida kufanya hivyo, maana alikuwa amepoteza gambuti. Kunguru akamtazama kwa huruma, akaruka zake.

Ndipo ljip dume alipoteremka kutoka mbinguni. Alikuja akilia kama bawaba kavu, mabawa yakivuma, akapita juu ya kichwa cha Fardau kwa upana wa kidole, akageuka, akaja tena. "Samahani," Fardau alinong'ona, akiwa amejikunyata. "Samahani. Dakika tano tu." Dume hakukubali masharti. Katika shambulio la nne aliacha alama nyeupe kwenye bega la koti, na alama hiyo ilikuja kuonyeshwa baadaye kwa watu wengi.

Kisha akaliona.

Kishimo kidogo, kama alama ya kisigino, kilichotandikwa nyasi kavu. Ndani yake yai moja, rangi ya zeituni, lenye madoa meusi kana kwamba mtu alikung'uta kalamu juu yake. Moja tu. Bado lilikuwa na ule ung'avu wa kitu ambacho dunia haijakigusa.

Saa ya mnara: saa nne na dakika nane. Fardau akalala kifudifudi. Maji yakaingia kwenye koti, yakapanda mpaka kitovuni, yakafikiri, yakaendelea. Akaweka simu ardhini nyuma ya yai, akaielekeza kushoto, kuelekea Shamba la Kanisa na mnara.

Picha ya kwanza ikatoka kidole gumba. Ya pili ikatoka mnara bila yai. Ya tatu ikatoka yai zuri kupita kiasi, la kutiwa kwenye fremu, na nyuma yake jani moja la nyasi lililosimama mbele ya mnara wote likaufuta kijijini. Asilimia tatu. Dume akateremka tena. Fardau akalishika jani lile kwa meno, akaling'ata, akalitema, akashika pumzi, na pale pale, kutoka upande wa kanisa, ukasikika ukelele.

Maana katika Shamba la Kanisa wanaishi mabata bukini kumi na wawili wa mtunza kanisa, ambao wamemuuma mtu wa posta, wamemuuma fundi wa kengele, na Pasaka moja walimuuma bwana harusi. Hawakujua kwamba ajaye ni Mshindi wa Mara Nane. Hawaendi mkahawani. Waliona suruali tu.

"Rudi! Rudi nyuma!" sauti ya Wobbe ilivuka nyika. "Mimi nawajua nyie tangu mayai! Nitawala Krismasi! Mama yangu wee!"

Fardau akabonyeza.

Kisha akaondoka kwa magoti, kinyumenyume, akiziinua nyasi nyuma yake zisionyeshe njia. Alikuwa amekaa dakika nne. Jike alishatua, akainamisha kichwa, akaanza kutembea kurudi nyumbani kimya kimya.

Mama Hiltje alikuwa kwenye kikombe cha pili wakati mlango wa jiko lake ulipofunguliwa, na mlangoni akatokea kitu chenye umbo la msichana, rangi ya shamba, mguu mmoja una buti.

"Karibu ndani," alisema Hiltje, ambaye hakushtuliwa na kitu tangu ng'ombe wake alipopanda ngazi. "Wewe ni wa Aukje. Kaa. Si hapo, kaa kwenye gazeti."

Akammiminia kahawa. Akafungua kopo la biskuti, Fardau akachukua moja, kopo likafungwa. Saa ya ukutani ikapiga hatua. Hiltje akanywa. Fardau akanywa. Ndani ya moyo wake hotuba ilikuwa tayari, yenye utangulizi na salamu na vifungu. Ikapanda kifuani, ikafika kooni, ikafika kwenye meno, ikakuta lango limefungwa kama mwaka jana. Akatazama mlango. Hakuna mjomba aliyekuwa anapita. Mjomba alikuwa juu ya ukuta wa makaburi ya kanisa, akiwakimbia mabata.

"Haya," alisema Hiltje, akaweka kikombe chini, akachukua kofia yake kwenye msumari, akaivaa. "Kazi haijifanyi."

"Yai," alisema Fardau.

Hiltje akageuka. "La kuku? Trei ziko nje, weka hela kwenye kopo."

"Si la kuku."

"La nani basi?"

Injini ilinguruma uwanjani. Na Fardau akasimama, gazeti likiwa limegandia nyuma yake, na akayasema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayeruka mfereji: "La ljip. Liko shambani kwako. Hatua sitini kutoka langoni. Nimeliona mimi."

Hiltje akaivua ile kofia.

"Nionyeshe."

Fardau akamnyooshea simu. Hiltje akaishika mbali, kisha karibu. Lilikuwepo yai, kubwa mbele, kila doa mahali pake. Ulikuwepo mnara, na saa yake ikisomeka saa nne na dakika kumi na mbili. Na kati ya yai na mnara, kidogo lakini wazi, alikuwepo mtu mnene akiwa hewani, mikono juu, mdomo wazi, na bata bukini ananing'inia kwenye matako ya suruali yake.

Hiltje alitazama kwa muda. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Huyu si mjomba wako?"

Fardau akaitikia.

"Anafanya nini?"

"Anatafuta yai."

Mama Hiltje akakaa tena, akafungua kopo la biskuti, akampa Fardau ya pili. Jambo hilo halikuwa limetokea katika jiko lile tangu mafuriko. "Kachome vijiti viwili," alisema akijifuta macho kwa kofia. "Hatua kumi kila upande. Nitazunguka. Na ukipita kwa Meindert, waambie wasianze mpaka nifike. Sitaki kukosa."

Saa sita kasoro robo mkahawa wa Meindert ulikuwa umejaa mpaka kwenye madirisha. Bibi Aukje alikaa mbele kabisa, na mashuka yake, alisema, yatafuliwa na serikali. Meindert mwenyewe, mwenye mkahawa na mtunza ubao, alikuwa amepanda kwenye kiti, brashi mkononi, kikopo cha rangi ya dhahabu kimefunguliwa. Ndipo mlango ukafunguka akaingia Wobbe, amelowa hadi kiunoni, mkono mmoja nyuma akishikilia suruali.

Hakusita. Watu wakubwa hawasiti.

"Ndugu zangu wa Aldwier!" alisema. "Leo ukoo wetu umeandika historia! Mtaniuliza, Wobbe, kwa nini ulikwenda kushoto? Nilikwenda kushoto ili kumvuta adui! Niliwachukua mabata wote juu ya mwili wangu mwenyewe, ili mtoto huyu apite salama kulia. Kwa hiyo, Meindert, sidai makubwa. Andika tu Wobbe, na chini yake, kwa herufi ndogo—"

"Ngoja," alisema Meindert. "Picha kwanza. Sheria ni sheria."

Simu ikapita mkono kwa mkono, ikiwa imefungwa kwenye waya wa chaji, na kila ilipofika kicheko kikapasuka, kama moto upitao kwenye majani makavu.

"Amepaa vizuri, lakini!"

"Huyo bata ananyonya?"

"Wobbe, hapa unamvuta adui, au adui anakuvuta?"

"Mwanangu," alisema Bibi Aukje, "kaa chini. Oh, samahani. Simama."

Wobbe akaitazama picha. Uso wake ukapita mawingu kadhaa. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, ila mtu aliyezoea, akacheka na yeye, akampiga Fardau begani, kwenye ile alama nyeupe, akaangalia kiganja chake. "Kidole kizima," alisema. "Alinionyesha kwa kidole kizima, jamani."

Ndipo Meindert akaandika. Ikasikika brashi tu juu ya ubao, F, kisha A, na alipomaliza akateremka, na watu wakasimama, na wazee wakavua kofia, na saa ya mnara ikapiga saa sita, kama ipigavyo kila siku mchana, lakini siku hiyo hakuna aliyeamini kwamba ilikuwa bahati tu. Baridi imekwisha! walipiga kelele. Imekwisha! Na itakumbukwa Aldwier, maadamu kuna majani na maji, kwamba katika mwaka wa mabata bukini alikuwepo Fardau, Mvukaji kwa Mti wa Nguo, Msema Kweli wa Kutisha, ambaye mguu wake mmoja haukuwa na buti na hakuliulizia.

"Neno!" alisema Meindert. "Aliyeliona aseme neno. Ni desturi."

"Mwacheni," mtu alisema, "mnajua hasemi."

Fardau alikuwa ameinua macho kwenye ubao. Jina lake lilikuwa bado linang'aa, rangi haijakauka. Na juu yake, kwenye mstari wa mwaka uliopita, rangi ilikuwa kavu kabisa. Masikio yake yakaanza kuwaka, na Bibi Aukje, aliyeyaona, akaweka kikombe chini polepole.

"Na la mwaka jana, Mjomba," alisema Fardau, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "nililiona mimi."